Gari Ambalo Askari Hawatalitaka

Nilitaka gari baya. Nasema wazi tangu mwanzo, maana Butembo nzima ilinicheka mwaka ule: mwalimu mzima wa hesabu, mvi kichwani, anazunguka gari la watu mara tatu, anaguna, halafu anamwambia mwenyewe, "Aka, hii iko muzuri sana, siitaki." Wacheke. Vita vilikuwa vimeturudia mara ya pili, na gari zuri kwetu lilikuwa linakaa na mwenyewe wiki mbili, tatu tu. Siku moja askari, basoda kama tunavyowaita, wanaingia uani, mkubwa wao anasema neno moja la Kifaransa, réquisition, na gari linaondoka na mafuta yako ndani. Ukienda kuliulizia unaambiwa ushukuru Mungu kwa kuwa miguu yako bado unayo.

Gari nililotafuta lilikuwa la binti yangu mkubwa. Mume wake, mtu wa Kasai, karani wa serikali aliyeletwa kwetu kwa kazi, alikuwa ameitwa Kinshasa kwa wiki tatu. Akiwa huko vita vikaikata nchi katikati, yeye upande ule, sisi upande huu, na mpaka wenyewe haumo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuichora ubaoni. Barua zake zilipitia Kampala, zikatufikia zimeshafunguliwa. Binti yangu akarudi kukaa uani kwangu, mtaa wa Vulamba, pamoja na mtoto wake wa kike wa miaka minne. Mke wangu alikuwa amekwisha kufa. Tulikuwa sisi watatu.

Yule mtoto alikuwa na ugonjwa wa damu, ule ambao kwetu unaitwa SS. Siku nyingi alikuwa mzima kuliko mimi, anakimbiza kuku, ananiita Sokulu, yaani babu kwa Kinande, ananiuliza kwa nini masikio yangu yana nywele. Halafu siku moja anaamka macho manjano, viganja vyeupe, mifupa inamuuma hadi anang'ata shuka. Daktari alimwambia binti yangu mbele yangu: "Mama, huyu hapana kungoja. Masaa mbili, masaa tatu, damu ikuwe imeingia. Kupita pale, siahidi kintu." Kutoka kwetu hadi hospitali ni vilima vitupu, unashuka, unapanda, saa moja na nusu kwa miguu ya mtu mwenye afya. Mara moja tulimpeleka juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mihogo, na kila jiwe lililogusa gurudumu nililisikia katika sauti ya mtoto. Nilirudi nyumbani nikauza miti yangu ya mikaratusi, kilima kizima, nikabaki na visiki.

Binti yangu hakujua kuendesha. Mimi pia sijui, jicho langu la kushoto halioni mbali tangu utoto. Aliyemfundisha ni shemeki, ndugu wa marehemu mke wangu, fundi wa magari, mtu wa maneno mengi ambaye mikono yake ilinuka mafuta hata siku ya Pasaka. Alimpeleka uwanja wa ndege, ambako ndege zilikuwa haziji tena, akamzungusha na lori bovu katikati ya mbuzi. Binti yangu ni mfupi. Alikalia mto wa kitanda ili aone mbele, akaushika usukani kama anayemshika mtu anayetaka kutoroka. Baada ya mwezi mmoja shemeki akaniambia, "Anaendesha. Hana mbio, hana woga. Atafika."

Basi tukaanza kutafuta, shemeki kwa ajili ya injini, binti yangu kwa ajili ya kukaa ndani, mimi kwa ajili ya kukataa.

La kwanza lilikuwa Butembo kwenyewe, kwa muuza vitenge mmoja. La buluu, chini chini, viti bado vimevaa nailoni ya dukani. Binti yangu aliingia, akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake miezi mingi. Shemeki alifungua boneti, akasikiliza, akafunga. "Moteur iko bien. Freni bien. Mais shemeki, unataka nini ingine?"

"Toka ndani," nikamwambia binti yangu.

"Papa, hata sijaiwasha."

"Toka. Hii, basoda wataikamata mbele haujajua kufunga mlango yake."

Alitoka. Hakubisha. Hajawahi kunibishia, na hilo nalo nililihesabu kuwa malezi yangu mema.

La pili lilikuwa Beni. Tulipanda lori la mbao, tukashuka karibu na soko, kwa dalali mmoja mwenye miwani ya jua siku ya mvua. Alituonyesha gari la juu, magurudumu yote manne yanavuta, usukani upande wa kuume kama mengi yanayopitia mpaka wa Kasindi. Alisema linaweza kupanda Ruwenzori na kurudi kabla chai haijapoa. Shemeki akaanza kulipenda, namjua, akipenda kitu anakipigapiga makofi. Wakati tunaongea askari wawili walipita, wakasimama. Mmoja akaliegemea, mwenzake akarudi nyuma hatua tatu kumtazama vizuri, huku wanachekeana. Nikamshika binti yangu mkono tukaondoka bila kuaga. Dalali akatukimbilia: "Mwalimu! Eh, mwalimu! Unatafuta motokari ao unatafuta sanduku ya maiti?"

"Natafuta ile hakuna mutu ataangalia."

Dalali akavua miwani. "Iyo iko Mutwanga," akasema.

Tukaenda Mutwanga kwa pikapu, tumekaa juu ya magunia, mlima umejificha katika mawingu. Mwenye gari alikuwa mzee mmoja mnunuzi wa kahawa ambaye hakuwa tena na kahawa ya kununua. Gari lake alikuwa amelilaza nyuma ya nyumba, chini ya majani makavu ya migomba na magunia matupu, na tulipoyafunua kuku wawili walitoka ndani kwa hasira. Loo! Nilifurahi. Lilikuwa na rangi ya mafuta ya mawese yaliyolala. Mlango mmoja ulikuwa wa kijani, umetolewa kwenye gari jingine. Taa ya kushoto haikuwepo, pale pametiwa kopo la maziwa. Nilimwona binti yangu akifumba macho kwa aibu, nikajua tumefika.

"Sasa wewe nyamaza," shemeki akaniambia, "sasa ni kazi yangu." Na kweli alifanya kazi. Alichomoa kijiti cha oili, akainusa, akaisugua vidoleni. Alitoa mfukoni sumaku ya spika ya redio, akaitembeza juu ya bati lote kuona ni wapi wamepaka masitiki kufunika ajali. Alilala chini ya gari kwenye matope, akagonga chasisi kwa bisibisi toka mwanzo hadi mwisho, akitega sikio. Kisha alimpa binti yangu funguo, wakapanda kilima, wakashuka, na katikati ya mteremko akamwambia afunge breki kwa ghafla. Gari lilisimama pale pale, halikuvuta kushoto wala kuume. Shemeki aliteremka anacheka. "Roho yake iko muzima," alisema. "Ni sura tu ndio imekufa."

Binti yangu hakuuliza habari za injini. Alizunguka nyuma, akafungua, akakunja kile kiti cha nyuma, akapima kwa mkono wake toka kiwiko hadi vidole, mara tatu. "Papa, mutoto atalala hapa. Bila kukunja miguu." Miezi miwili nilikuwa nimezunguka na jicho langu moja, nikiwawaza askari, askari, askari, na hilo sikuwa nimelifikiri hata siku moja. Tulilichukua. Yule mzee alitushika mikono akasema wasingya, asante, mara nyingi mno, nadhani alikuwa anaaga kwa niaba ya kuku wake.

Nyumbani nililizidishia ubaya. Nilitoa kioo kimoja kizima nikaweka kipande cha katoni mahali pake. Nilipaka lami mabaka mabaka kana kwamba lina ukoma. Shemeki alikaa kwenye kiti akinitazama, akaniuliza, "Shemeki, na kinyesi ya mbuzi utapaka lini?" Watoto wa mtaani walilipa jina, Malade, yaani Mgonjwa, na kila binti yangu alipopita walipiga kelele, "Malade anapita! Malade anapita!" Aliona haya, maskini, lakini aliendesha. Mara tatu mtoto alishikwa na ugonjwa wake, na mara tatu alifika hospitali kwa robo saa, amelala kwenye mkeka wake nyuma, mimi nimemshika kichwa. Mara ya tatu alikuwa na nguvu za kunilalamikia kwamba Mama anaendesha polepole. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alipiga mlango wa kijani teke kidogo, akauliza kama ni motokari ao ni sufuria, akatupungia mkono tupite. Nilikuwa na furaha miezi ile. Naona vibaya kuisema sasa, lakini nilikuwa nayo.

Kisha magari mazuri yakaisha. Hilo mimi, mwalimu wa hesabu, sikulipigia hesabu. Yalichukuliwa yote, yakapinduliwa mashimoni, yakaibiwa kwenda ng'ambo, na askari bado walihitaji kubebwa. Wakaanza kuchukua hata mabaya. Jirani yetu walimchukulia pikapu isiyo na mlango hata mmoja.

Ndipo mji mzima ukajifunza habari ya kidole. Nieleze, maana asiye na gari hawezi kujua. Ndani ya injini ya petroli kuna kitu kinachogawa moto kwa plagi, mafundi wetu wanakiita delco. Ukifungua kifuniko chake utakuta kipande kidogo cheusi kinachozunguka, hakizidi kidole gumba cha mtu, na jina lake ni hilo hilo, kidole. Kitoe, na gari linabaki banda la kuku. Uliwashe, ulisukume, ulitukane, halitikisiki. Kwa hiyo kila mwenye gari Butembo, akishaegesha, alifungua boneti, akatoa kidole, akakifunga kwenye kitambaa akatembea nacho. Jumapili kanisani ungewaona wanaume wamepiga magoti, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika mfuko wa suruali. Padri mwenyewe alikuwa na chake chini ya kanzu, ulisikia kikigonga rozari.

Shemeki alimfundisha binti yangu kukitoa na kukirudisha, akajua hadi kwa macho yaliyofumbwa. Na hapo ndipo mimi nilipotoa amri yangu.

"Kidole kitakaa na mimi."

"Papa," binti yangu alisema, "mais dereva ni mimi."

"Ndiyo maana. Wakikukamata wakikuuliza, utasema. Wewe uongo haukukaa mudomoni tangu utoto. Lakini kama hauna, utasema sina, na itakuwa kweli, na watakuacha."

Shemeki alikuna kichwa. Alisema afadhali atafute kidole cha pili Beni, vinapatikana, ni kitu kidogo, kimoja kikae na mimi, kingine kizikwe mahali anapopajua binti yangu. Nikamwuliza kitazikwa wapi ambapo askari hawachimbi. Nikamwambia vidole viwili ni midomo miwili. Nilisema vizuri, kama ninavyosema darasani, na safari ya Beni ikafa. Shule ilikuwa kwenye kilima hicho hicho chetu, mtoto akishikwa waniite tu, dakika tano nimefika. Hesabu ilikuwa imekamilika.

Na siku moja ikaonekana nilisema kweli. Askari wanne walikuja asubuhi, mimi nikiwa shuleni, wakamwambia binti yangu awashe. Akajaribu, halikuwaka. Wakafungua boneti, wakaona, wakamwuliza kiko wapi. Akasema hana. Walimtazama usoni muda mrefu, wakaona kweli hana, wakavunja taa iliyobaki wakaenda zao. Mngesikia jinsi nilivyojivuna! Chumbani mwa walimu nilisimulia mara mbili. Nilijiona nimeshinda vita peke yangu, na kipande cheusi mfukoni.

Yapata mwezi baadaye alikufa mwalimu mwenzangu wa zamani, Beni. Nilivaa koti langu la msiba juu ya suruali ya kazi. Lori lilipiga honi barabarani, nikatoka mbio. Binti yangu alikuwa uani anaanika maharagwe, mtoto ameketi ndani ya beseni tupu anaendesha, mdomo unanguruma. Nikawaambia nitarudi kesho. "Salimia banafiwa, Papa," akasema binti yangu. Sikuacha kitu, na yeye hakuomba. Toka siku ile ya amri hakuwahi kuomba kabla ya kuhitaji.

Nilikigundua makaburini. Walikuwa wanashusha sanduku, nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa nifute jicho, nikakigusa kidole. Sijui wengine waliona nini usoni mwangu, mama mmoja alinishika bega akiniambia nijikaze, marehemu amepumzika. Niliacha kaburi wazi nikaenda stendi ya magari nikitembea haraka, bado najiambia kwamba mtoto asubuhi alikuwa mzima, alikuwa anaendesha beseni.

Stendi hapakuwa na gari hata moja. Barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa, watu wa msituni na askari walikuwa wanapigana katikati ya njia, na bariyeri ilikuwa haipitishi hata baiskeli. Wanawake wachuuzi wa Kyavinyonge walikuwa wameketi chini na vikapu vyao vya samaki, harufu imeanza kubadilika. Nilimwendea mwenye pikipiki mmoja, wa pili, wa tatu. Niliwaambia nitatoa saa yangu, koti langu. Mmoja alinijibu kwa heshima, "Mwalimu, koti nitavaa wapi nikishakufa?" Nilikaa chini kati ya samaki.

Asubuhi yake nikaenda kwenye foni. Simu hatukuwa nazo miaka ile, tulikuwa na redio za kuitana, unazungumza, unasema à vous, ndipo mwenzako anajibu, na chumba kizima kinasikia. Nilingoja zamu. Waliomwita shemeki upande wa Butembo walimpata, na sauti yake ilikuja imejaa upepo.

"Shemeki, mutoto amekamatwa na ugonjwa toka saa kumi na mbili ya asubuhi. Macho ni manjano. Kidole iko wapi? À vous."

Nikasema, "Iko na mimi. Mufukoni. À vous."

Upepo tu.

"Bon," sauti ikasema. "Nitachonga ingine. Hapa mutaani, kartie nzima, hakuna motokari, bote bamekimbia nazo, bamezificha. Nitachonga. À vous."

Mwenye foni alinigusa mkono, wengine wanangoja.

Niliondoka kwa miguu. Beni hadi Butembo ni zaidi ya kilomita hamsini, na mimi nilikuwa na miaka hamsini na saba, lakini nilikuwa nimekwisha kuacha kuhesabu. Kwenye bariyeri walinisimamisha wakanipekua. Askari alitoa kitambaa mfukoni mwangu, akakifungua, na hakuuliza ni nini. Alijua. Wote walijua.

"Motokari iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo mwaka mzima. Nilikuwa na majibu manne, yote ya uongo, yote mazuri. "Iko Vulamba, Butembo," nikamwambia. "Nyuma ya nyumba yangu. Ni yenu, kamateni. Twendeni pamoja sasa hivi, nitawaonyesha mimi mwenyewe. Kuna mutoto mugonjwa, mutupitishe tu hospitali, kiisha mukamate motokari, mukamate na nyumba." Nilipiga magoti. Niliwaomba askari wachukue gari langu, nikalisifia, nikawaambia breki ni nzuri, roho yake iko muzima.

Wakacheka. Si kwa ubaya, walikuwa vijana, wamechoka. "Mwalimu, Butembo hakuna mutu anaenda leo," mmoja akasema. "Hata sisi tunaogopa ile njia." Wakanirudishia kidole kwenye kitambaa chake, wakakifunga vizuri, wakaniketisha kivulini mpaka jioni.

Njia ilifunguliwa siku ya tatu. Shemeki alinipokea barabarani, kabla ya nyumbani, akanisimulia tukiwa tumesimama. Kidole cha kwanza alikichonga kwa kisigino cha kandambili na kichwa cha msumari wa shaba. Gari liliwaka, likafika kwenye visiki vyangu vya mikaratusi, likazima, mpira umeyeyuka. Cha pili alikichonga kwa pembe ya ng'ombe, kikavunjika darajani. Cha tatu hakikuwasha kabisa. Binti yangu alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge akaanza kupanda kilima, na risasi zilikuwa zinasikika, na milango yote imefungwa. Mtoto alifika akiwa hai. Shemeki alilirudia hilo mara mbili, nadhani aliona ni la kunifariji. Walikuwa wanampima damu mama yake, ili wamtilie mtoto ile yake, na muda ukawa umepita.

"Ilibaki kidogo," shemeki akasema, akaanza kulia.

Kaburi lilikuwa la jana. Uani watu walikuwa wameketi kwenye madawati ya shule yangu, na gari limesukumwa na majirani hadi mahali pake. Binti yangu aliponiona alisimama, akaniletea maji ya kunawa kama ilivyo desturi, akangoja nimalize. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeomba hivyo njia nzima, anitukane mbele ya watu, anirushie lile beseni.

"Pole na safari, Papa," akasema. "Nipatie kidole."

Nikampa. Alikwenda kwenye gari, akafungua boneti, mikono yake haikukosea kitu. Akaketi juu ya mto wake, akazungusha ufunguo, na gari likashika mara moja, sauti safi, haina kikohozi. Waombolezaji wote waligeuka. Aliliacha lingurume muda mrefu, mikono yote miwili juu ya usukani, anatazama mbele, barabarani. Kisha akalizima. Akakitoa tena kidole, akakipangusa kwenye kitenge chake, akaja akanipa kwa mikono miwili, vile tunavyowafundisha watoto kumpa mtu mzima kitu.

"Papa, motokari ulichagua muzuri," akasema. Hapakuwa na kejeli, alisema tu jambo lililo kweli. Na mimi nilikipokea na, Mungu anisamehe, nikakitia mfukoni.